M60: urujuanimno huu ni wa nyota kongwe au nyota changa?

Darubini_Tanga: Wakuu, napima galaksi M60 (NGC 4649) ya kundi la Virgo. FUV na NUV (urujuanimno wa mbali na wa karibu) ni za setilaiti ya GALEX, r (mwanga mwekundu) ya SDSS, upimaji wa anga kwa darubini ya ardhini; duara la kupimia lina nusu kipenyo cha dakika 3 za tao. Vipimo ni vya magnitudo, ndogo ndiyo ang'avu zaidi. FUV−NUV ni 0.5, sawa na nyota kongwe. Ila NUV−r imegoma kwenye 5.1, na kizingiti cha galaksi ya nyota kongwe ni kupita 5.4. Kuna nyota zinazozaliwa humo?

Mizani: Umemeza jirani, mkuu. NGC 4647, galaksi ya mikono inayozaa nyota, iko dakika 2.5 tu kaskazini-magharibi. Kisanduku kidogo cha kuifunika hakitoshi: kwenye GALEX hata nukta moja hutawanyika sekunde 4 hadi 5. Pima nusu ya kusini-mashariki, zidisha kwa 2, na ufanye hivyo hivyo kwenye r. Hiyo r usiitoe kwenye katalogi. SDSS hukata anga kupita kiasi kwa galaksi kubwa, r ikafifia na NUV−r ikashuka. Ipime mwenyewe kwenye picha.

Anga ya FUV je, uliitoaje?

Darubini_Tanga: Nilipanga pikseli, nikachukua thamani ya katikati. Ilitoka sifuri.

Mizani: Ndiyo hapo. Fotoni za FUV ni haba, pikseli nyingi ni tupu, kwa hiyo ya katikati lazima iwe sifuri na FUV yako imevimba. Tumia wastani, ukishaziba nyota za mbele. Vumbi la Njia Nyeupe nalo: FUV na NUV hupungua karibu sawa, kama mara 8 ya E(B−V) (kipimo cha wekundu unaoletwa na vumbi), r kama mara 2.5. Ukilisahihisha, FUV−NUV haitatikisika, NUV−r itashuka.

Kiini_cha_Heli: Nyongeza. Usiamue kwa FUV−NUV peke yake, maana nyota changa nazo huipa thamani ndogo. Mwanga wa galaksi kongwe hushuka hadi karibu nanomita 250, kisha hupanda tena kuelekea 120. Wanaoupandisha ni nyota zinazochoma heli, zenye uzito wa kama nusu ya Jua, zilizobakiza gamba jembamba mno la hidrojeni. Uso wake hupita kelvini 20,000. Nyota changa hulijaza lile bonde la 250, na NUV ndiyo inayolipima. Masharti ya kusema ni nyota kongwe ni matatu kwa pamoja: NUV−r zaidi ya 5.4, FUV−NUV chini ya 0.9, FUV−r chini ya 6.6.

Gamba hilo lilipoteaje, heli nyingi tangu kuzaliwa au nyota pacha kunyonyana, hapo bado watu wanagombana.