Giaboksi imekufa: nifunge ya mtumba, niiuze hivyo hivyo, au nifanyeje?

Mzee wa Goba
Wakuu habari za jioni. Gari yangu giaboksi imezingua, fundi kaniambia niandae milioni mbili na laki nane ya giaboksi ya mtumba, hapo bado ufundi na oili. Na hii ni baada ya kubadili shokapu zote nne mwezi wa tatu, Desemba ilikuwa rejeta. Nimechoka kwa kweli. Mke anasema tuiuze kama ilivyo, shemeji anasema nifunge kwanza ndo niuze, mimi moyoni nataka kukaa nayo. Nyie mngefanyaje? Julai ada inakuja.

Spana 14
Gari gani mkuu? Unaandika kama sote tunaishi kwako. Aina, injini, imetembea ngapi, na "imezingua" ndo nini? Haiingii gia, inateleza, inashtuka ukiweka D?

Kiberiti
Mtu akificha jina la gari ujue ni Nissan.

Mzee wa Goba
Hahaha haya. X-Trail ya 2008, NT31, injini MR20, imesoma laki na sitini na kitu. Asubuhi inaenda freshi kabisa, ikishapata moto nikipanda mlima injini inapiga kelele, mshale unafika elfu nne ila gari haiendi, inajivuta kama imebeba mchanga. Nikiipaki dakika kumi na tano inarudi kuwa nzima.

Kiberiti
Nilisema mimi. Uza, chukua IST, spea zake utapata mpaka dukani kwa mangi.

MamaTwins
IST na watoto watatu? Mimi ninayo, mafuta inanusa tu sikatai, ila Desemba tukienda Moshi tunakaa kama dagaa kwenye sado, begi la mwisho analipakata dada wa kazi.

Dereva Mstaafu
Kijana ngoja nikusimulie ndo uamue. Nilikuwa na hiyo hiyo, ugonjwa huo huo. Nikaenda kwenye spea, nikauziwa giaboksi nimeambiwa imetoka Japan juzi, jamaa akaipiga alama ya rangi nyeupe akasema ikisumbua ndani ya siku tatu irudishe. Siku tatu! Nikafunga, mjini ikawa tamu, nikajiona mjanja. Wiki ya pili nikaenda Iringa kwenye msiba wa baba mkwe. Ruaha Mbuyuni nikasimama nikanunua vitunguu, gunia zima, wamama wa pale unawajua. Tunaanza kupanda Kitonga, kona ya pili tu ikaanza kulia, nakanyaga haipandi, nyuma kuna lori la kontena linanipigia honi na huku pembeni ni korongo. Ikagoma kabisa. Dereva wa Fuso akatufunga mnyororo, tukavutwa mpaka Ilula, mke hakuongea neno hadi tunafika. Msibani tumeingia saa nne usiku, wameshazika. Kurudi kwa muuzaji ananiambia alama ya rangi ile siyo yake. Kwa hiyo giaboksi ya mtumba ni bahati nasibu, asikudanganye mtu.

Kiberiti
Pole mzee. Na vitunguu?

Dereva Mstaafu
Vilifika.

Spana 14
Pole mzee wangu. Sasa mleta uzi, hiyo ni CVT, haina gia kama unazozijua, ni mkanda wa chuma unacheza kati ya puli mbili na unabanwa kwa presha ya oili. Oili ikiwa siyo yake au imechoka, ikipata moto mkanda unateleza. Swali langu moja: oili ya giaboksi umebadili lini, na nani, na aliweka ipi?

Mzee wa Goba
Februari, fundi wa hapa mtaani. Alisema oili ni oili tu. Ilikuwa ile nyekundu, kama juisi ya rozela.

Spana 14
Eeh. Nyekundu ni ATF, oili ya giaboksi ya otomatiki ya kawaida. NT31 inataka NS-2, oili ya CVT. Huyo fundi wa Februari ndo huyo huyo wa milioni mbili na nane?

Mzee wa Goba
Ndiyo.

MamaTwins
😳

Spana 14
Usinunue chochote. Tafuta mtu mwenye mashine ya kupima asome kodi za hitilafu, kisha mfungue sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, ukiwa umesimama hapo hapo, usiende kunywa soda. Ndani kuna sumaku. Ukikuta uji mweusi laini kama wanja, hiyo ni kawaida. Ukikuta vipande vinavyong'aa, mkanda umeshakula puli, hapo ndo uanze kuwaza kuuza. Na NS-2 haitoshi kumwaga mara moja, nyingi inabaki ndani, utarudia mara mbili tatu. Sikuahidi itapona, imeshatembea na oili mbaya miezi.

Kiberiti
Mnampotezea muda. Hela ya oili mara tatu angeongezea kwenye gari nyingine.

Bandari Bandarini
Gari nyingine ipi kwa hela ipi? Ukiagiza iliyozidi miaka 10 tangu itengenezwe unapigwa ushuru wa uchakavu asilimia 30, ya miaka 8 hadi 10 ni 15, hapo hujaweka ushuru wa kawaida na VAT. Ukinunua ya mkononi hapa unanunua matatizo ya mtu, kama ambavyo mwenzetu anataka kumuuzia mtu ya kwake.

Ruaka Finest
Huku Kenya gari ikizidi miaka minane hata haiingii, so tunakaa na hizi za zamani hadi zituzike. X-Trail yangu niliuza kwa jirani na nikamwambia ukweli wote wa gearbox. Bado hanisalimii.

Kiberiti
Ndo maana nasema Toyota.

Bandari Bandarini
Toyota ipi, ile RAV4 ya injini ya D4 unayoiendesha? Kila Jumamosi unaisafisha plagi.

Kiberiti
Hiyo ni mafuta ya vituo vyenu, siyo gari.

Mzee wa Goba
Asanteni. Jumamosi naifungua sampu, nimepata fundi Tegeta mwenye mashine. Huyu wa mtaani sijui nimwambieje, mwanae anasoma darasa moja na wa kwangu. Mke bado anataka tuuze.

Spana 14
Piga picha ya sumaku uweke hapa.

Kiberiti
Mkuu ukiamua kuuza, rimu ni 17? Nitafute PM.

Dereva Mstaafu
Huyu si alisema Nissan takataka?