Kuanza Kijapani: Genki, Minna no Nihongo au Irodori?

Gereji_Mwanza
Wakuu, heshima kwenu. Nataka kuanza Kijapani kutoka sifuri. Lengo ni kwenda kufanya kazi ya ufundi magari kwa ile viza ya Tokutei Ginou (ya wafanyakazi wenye ujuzi maalumu), ambayo inadai ufaulu mtihani wa Kijapani: N4, yaani ngazi ya nne ya mtihani wa JLPT, au mtihani wa JFT-Basic. Kila ninayemuuliza ananipigia debe kitabu chake. Mwalimu sina, nina simu na bando. Kipi kinafaa?

Mzee_wa_Sarufi
Kwa lengo lako, Irodori. Imetolewa na Japan Foundation, taasisi ya Japani ya lugha na utamaduni, unapakua PDF na sauti zake bure kabisa, na imetungwa kwa mtu anayekwenda kuishi na kufanya kazi kule: kuomba ruhusa kwa bosi, kuuliza njia, kusoma bango la siku za kutupa taka. JFT-Basic inaandaliwa na haohao na inapima A2 (ngazi ya pili kutoka chini, mazungumzo ya kila siku), kiwango ambacho Irodori inakufikisha. Ila mazoezi ya sarufi ni haba, utayatafuta kwingine.

Genki inafafanua sarufi vizuri sana, kwa Kiingereza, lakini mazingira yake ni ya chuo: profesa, bweni, kazi ya nyumbani. Na ni ya kununua. Minna no Nihongo kitabu chake kikuu ni Kijapani mwanzo mwisho, na maelezo yamo kwenye kitabu kingine unachonunua kando. Bila mwalimu utakiweka kabatini mapema.

Binti_Likoni
Hapo kwa Minna nakupinga kidogo. Ni kweli kinatesa, lakini mazoezi yake ya kubadilisha vitenzi yanakaa kichwani. Mimi ningechukua Irodori kwa mazungumzo, kisha nikaazima Minna kwa mazoezi tu.

Jambo jingine: usisome kwa herufi za Kirumi. Kijapani kina herufi zake: hiragana ni 46 za msingi, katakana (za maneno ya kigeni) nazo 46, maliza hizo kwanza. Matamshi hayatakusumbua sana, vokali ni tano kama zetu, ila chunga zile zinazovutwa. Kazi iko kwenye katakana zinazofanana. Tazama シ (shi) na ツ (tsu). Kwenye シ vistari viwili vifupi vimepangana juu na chini, na mstari mrefu unachorwa kuanzia chini kwenda juu. Kwenye ツ vifupi vimesimama ubavuni kwa ubavu, mrefu unashuka. Ukiziandika kwa mkono kwa mwelekeo huo hazitakuchanganya tena. Kuziangalia tu kwenye simu hakusaidii.

Kimya_Kimya
Duolingo je?

Mzee_wa_Sarufi
Ya kwenye daladala. Inakuzoesha maneno, lakini sarufi inakuachia ubahatishe, hasa vile vineno vidogo vya wa, ga na o vinavyoonyesha kazi ya neno kwenye sentensi. Kama Kiingereza kinakupa shida, NHK World, shirika la utangazaji la Japani, wana masomo mepesi ya Kijapani yaliyoelezwa kwa Kiswahili, na sauti zipo. Nashangaa watu hawayataji.

Binti_Likoni
Kuhusu mitihani: JLPT ni wa karatasi, Nairobi ni mojawapo ya vituo. Hauna sehemu ya kuongea wala kuandika insha, ni kuchagua majibu. Ukitaka kujipima kwanza na N5, ngazi ya chini kabisa, kufaulu ni alama 80 kati ya 180, lakini kwenye kusikiliza lazima upate angalau 19 kati ya 60. Chini ya hapo umefeli hata kama jumla imetosha. Wengi wanakwama pale kwa sababu walisoma kwa macho tu.

JFT-Basic unafanywa kwenye kompyuta. Na usisahau, viza hiyo ina mtihani wa fani pia, lugha peke yake haikuvushi. Wanaokwenda kuhudumia wazee wana mtihani mwingine wa Kijapani cha kazi hiyo juu yake.

Gereji_Mwanza
Asanteni wakuu. Nimeshapakua Irodori ya Starter, kile cha kuanzia. Sauti ni mafaili mengi, nisikilize yote au yale ya mazungumzo tu?

Mzee_wa_Sarufi
Yote. Na mazungumzo uyarudie kwa sauti, hata wateja wa gereji wakikushangaa.