Kaka kakatwa vidole kwenye dingdong (mashine ya kupasua mbao), bima ipi inamhusu?

Mwana_Mufindi:
Habari zenu wakuu. Kaka yangu anapasua mbao kwenye dingdong huku Mafinga, juzi msumeno umempitia vidole viwili mkono wa kulia. Bosi kalipia kushona siku ya kwanza tu, sasa hivi anasema asubiri NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) wamlipe ulemavu, jirani naye anasema atumie bima ya afya yaishe. Naona wanachanganya mambo, mwenye uelewa anisaidie maana jamaa ana watoto na anategemea mkono huo huo.

Uyole_HR:
Pole sana kwa kaka. Hivyo ni vitu tofauti kabisa mkuu. Bima ya afya inatibu tu, hela ya unga haitoi. Pensheni ya ulemavu ya NSSF inategemea michango yake imefika wapi, hata aliyeugulia nyumbani anaweza kuidai. Aliyeumia kazini ni wa WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, umeanza kazi 2015, na mchango analipa mwajiri peke yake, haruhusiwi kumkata mfanyakazi. Hao wanalipia matibabu, na kipindi hawezi kufanya kazi anapata asilimia 70 ya mshahara, mwisho miezi 24. Akipona anapimwa ulemavu uliobaki, ukiwa asilimia 30 kushuka chini analipwa mkupuo, ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi.

Mwana_Mufindi:
Asante sana. Ila hana mkataba, analipwa kwa siku anasaini kwenye kaunta buku, na bosi hataki kuripoti.

Dada_Njombe:
Hiyo kaunta buku ipigwe picha leo leo!! kila ukurasa wenye jina lake na kiasi, kabla haijapotea, maana fidia inapigwa kwa kipato chake na ushahidi ndo huo. Tunzeni na karatasi za hospitali, na majina ya waliokuwepo. Bosi anatakiwa aripoti ndani ya siku 7, asipotaka nendeni wenyewe WCF au kwa afisa kazi, msikae sana madai mwisho miezi 12. Na msisaini karatasi yoyote ya "tumemalizana" kwa laki mbili, watu wa mbao na chai wanamalizwa hivyo hivyo na inauma mno.

Uyole_HR:
Nakazia hapo kwa dada. Halafu muulizeni kama ana mkopo benki, mikopo mingine ina bima ya ulemavu wa kudumu ndani yake, mtu anahangaika na marejesho kumbe fomu aliyosaini inamlinda.