Naomba ushauri: barua na picha yenye saini ya Kennedy aliyotuachia marehemu baba

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Nina jambo linaninyima usingizi wiki ya tatu sasa nikaona nililete hapa maana najua humu kuna watu wa kila fani.

Baba yetu alifariki mwaka juzi. Kwenye kugawana vitu mimi niliomba lile sanduku lake la bati la makaratasi tu, ndugu zangu wakashangaa lakini wakanipa. Mwaka 1962 mzee alikuwa kijana, anafanya kazi na wapima barabara, ni enzi zile Marekani imeleta wale vijana wa kwanza wa kujitolea wa Peace Corps Tanganyika, wapimaji na mainjinia na wajiolojia, yeye ndo alikuwa anashika mnyororo wa kupimia na kubeba vigingi huko porini. Alikuwa anatusimulia kwamba alimwandikia Rais Kennedy kumshukuru na akajibiwa, sisi watoto tukawa tunaitikia tu. Sasa nimefungua sanduku nimekuta kweli ipo. Bahasha, barua ya taipu mistari sita, juu imechapwa THE WHITE HOUSE, chini saini ya wino wa bluu, na picha ya Kennedy nyeusi na nyeupe nayo ina saini. Nililia jamani, sijui niseme nini.

Shida zangu ni hizi. Picha iko kwenye fremu na upande mmoja imegandana na kioo. Barua kuna mtu aliwahi kuibandika selotepu kwenye kunjo na ile selotepu imekuwa kahawia kama chai ya rangi. Kaka anataka tuilamineti leo hii isiharibike zaidi. Halafu kuna mtu nimempata kwenye intaneti yuko nje, anasema nimtumie vyote kwa posta avikague ndo alipe. Na je nitajuaje kama Kennedy alisaini kwa mkono wake mwenyewe? Tangu hapo na mimi nimeshikwa na hamu ya kukusanya hivi vitu vya viongozi wa Marekani, mwezi uliopita nimenunua mtandaoni beji ya kampeni ya McKinley, yule aliyegombea urais wa Marekani 1896, muuzaji kaniapia ni orijino, naomba mnisaidie na hiyo pia.

Kigamboni_Feri: Mkuu USITUME. Mtu anayetaka mzigo kwanza hela baadaye hajawahi kuwa na nia njema na wewe ukiwa Dar utamshtaki wapi. Piga picha mbele na nyuma, bahasha usiisahau, anayetaka kununua kweli ataanza na picha. Na pole sana kwa msiba.

Mtafiti wa Saini: Mleta mada nakushauri ukae ukijua jambo moja gumu mapema ili lisikuumize baadaye. Kennedy ni kati ya marais wenye saini ngumu kuliko wote kuzithibitisha. Kwanza mkono wake mwenyewe ulikuwa unabadilika badilika, leo anaandika hivi kesho vile. Pili makatibu wake walikuwa wanamsainia, Evelyn Lincoln anajulikana sana kwa hilo. Tatu kulikuwa na otopeni, yaani mashine inayoshika kalamu halisi yenye wino halisi na kufuata umbo la saini lililochongwa, na ofisi yake iliitumia mno. Kwa hiyo ukiona wino umeingia kwenye karatasi usikimbilie kusema ni mkono, wino wa mashine nao unaingia.

Chukua lenzi, inamisha barua kwenye mwanga wa dirisha. Mkono wa mtu unakandamiza hapa unalegeza pale, mstari unanenepa unakonda, na mwisho unachopoka kama mkia. Mashine inakandamiza sawasawa mwanzo mpaka mwisho, mara nyingi utaona kidoti pale kalamu ilipotua na kingine ilipoinuliwa, na mistari inayopinda huwa na mtetemo mdogo. Kipimo kikubwa ni hiki: mtu hawezi kusaini mara mbili zikalaliana barabara. Skani saini yako, tafuta picha za saini za otopeni za Kennedy, ziko nyingi mtandaoni maana wakusanyaji walishazipanga kwa maumbo, halafu lalisha moja juu ya nyingine. Zikilingana mpaka kwenye vikunjo basi ni mashine. Na hili halijaisha na Kennedy, 2011 Obama akiwa Ufaransa alisainiwa sheria Washington kwa otopeni, tena sheria nzima ya nchi.

Bei inatofautiana mbali sana kati ya mkono na mashine, kwa hiyo usikubali bei yoyote, ndogo wala kubwa, kabla hujajua unayo ipi. Kampuni za kukagua kama PSA na JSA zipo Marekani, ila zina gharama, anza na lenzi.

Dada Nyaraka: Kaka yangu nakuomba kwa heshima zote USILAMINETI. Nimefanya kazi na makaratasi ya zamani miaka mingi na nimeona vyeti vya ndoa na barua za wazee zilivyouawa na hiyo mashine. Ile plastiki inashikishwa kwa moto na gundi, haitoki tena, na karatasi inaendelea kuoza humo ndani huku unaiangalia. Mwambie kaka mkubwa taratibu, nia yake ni njema.

Selotepu usiibandue. Ukiivuta itatoka na maandishi. Picha usiitoe kwenye kioo kwa kisu wala kwa maji wala kwa mvuke, kama imegandana iache hivyo hivyo na kioo chake mpaka umpate fundi wa kuhifadhi picha. Ondoa pini zote za stepla na klipu maana zinapata kutu na kutu inakula karatasi, kwa hewa yetu ya pwani ndo kabisa. Weka barua kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi, ilale bapa, mbali na jua, na sio kwenye sanduku la bati chini ya paa la bati. Kabatini katikati ya nyumba panatosha. Bahasha ya mwaka ule itunze kama barua yenyewe, muhuri wa posta ndo shahidi wako wa tarehe.

Jambo lingine, maktaba ya Kennedy iko Boston na wanapokea maswali kwa imeili. Wana mafaili ya barua za Ikulu yamepangwa kwa majina ya watu waliokuwa wanaandikiana nayo. Waandikie jina la marehemu kama lilivyoandikwa kwenye bahasha, herufi kwa herufi, na tarehe. Kuna uwezekano barua ya mzee mwenyewe, ile aliyoituma yeye, iko kule.

Bavicha Mstaafu: Mimi naona tofauti na wenzangu. Kama ni halali uza mkuu. Karatasi ndani ya kabati haisomeshi mtoto, na nyie mko ndugu wangapi? Ukiing'ang'ania peke yako kesho itakuwa ugomvi wa familia. Kaeni kikao, mkubaliane kwa maandishi ni ya nani, hata kama hamuuzi.

Mbeba Boksi Ohio: Hapo kwa McKinley ndo penyewe, huku niliko ndo kwao na Jumamosi naokota beji kwenye masoko ya vitu chakavu. Beji za 1896 ndo zilianzisha mtindo wote huu, karatasi ya picha imefunikwa selulodi, yaani plastiki ya zamani inayoangaza, kwenye kibati, nyuma nyingi zina kikaratasi cha kampuni ya Whitehead & Hoag ya Newark. Sasa geuza beji yako angalia ukingoni pale bati linapokunjwa, tumia lenzi. Ukiona kimaandishi kidogo Kleenex na 68, au AO na 1972, ni nakala za matangazo ya makampuni (Kleenex ya tishu, AO ya mafuta), zilitolewa za wagombea wengi wa zamani. Hizo rangi imechapwa moja kwa moja kwenye bati, hakuna selulodi juu. Sheria ya 1973 inataka nakala za vitu vya siasa ziandikwe mwaka zilipotengenezwa, ila wajanja wanakwangua, kwa hiyo ukiona ukingo umekwaruzwa mahali pamoja tu jua kuna kitu kimefutwa.

Na ukipenda kuendelea na saini angalia hati za ardhi za zamani za Marekani, watu wengi wanaumia hapo. Mpaka 1833 marais walikuwa wanazisaini wenyewe, kisha Bunge likaruhusu katibu asaini kwa niaba, hivyo ya 1835 yenye jina la Andrew Jackson hakuishika yeye. William Henry Harrison usihangaike naye, alikaa madarakani mwezi mmoja tu 1841 akafa, saini zake akiwa rais ni chache mno. Jimmy Carter ndo wa kuanzia, alisaini vitabu kwa miaka na miaka.

Mama Kanga: Naomba niongeze kwa mwanangu. Usikimbilie vya kule ukaacha vya hapa. Bush alipokuja Dar Februari 2008 kulikuwa na vitenge vina sura yake, wanawake walivaa kumpokea. Obama aliposhinda mwaka ule ule tukapata kanga ya HONGERA BARACK OBAMA, mimi ninayo pea haijakatwa wala kufuliwa. Wazungu wanazitafuta na sisi tunapigia deki.

Mleta mada: Asanteni sana wote, shikamoo mama. Nirudi na mrejesho.

Beji nimeigeuza, ukingoni iko A-O-1972 ndogo kama chawa. Muuzaji hajibu tena. Imeniuma lakini nimejua pa kuangalia.

Saini ya barua nimeiskani nikailalisha juu ya moja ya otopeni niliyoipata mtandaoni. Zimelaliana. Mpaka ule mkunjo wa J. Na kidoti mwishoni kipo. Kwa hiyo ni mashine, nilikaa kimya kama saa nzima. Ya picha haifanani na hiyo, sijaijua bado na kioo sijakigusa. Yule wa posta nimemkatalia.

Jana tukafanya kikao cha ndugu kama alivyoshauri mkuu Bavicha, kaka ameelewa habari ya kulamineti. Nilipowasomea barua kwa sauti, pale kwenye mstari wa nne inapotajwa barabara anayoipima, dada yetu wa Morogoro akasema subirini. Anasema kuna daftari la mzee alilichukua kwa ajili ya mapishi ya bibi yaliyoko nyuma, na kurasa za mbele zimeandikwa kwa penseli, Kiingereza cha kufutafuta, zinaanza na Dear Mr President. Imekatwa na kurudiwa mara tatu. Ijumaa napanda basi kulifuata. Dada Nyaraka, penseli inatunzwaje?

Dada Nyaraka: Usiisugue, usiifute vumbi kwa kitambaa. Weka karatasi laini kati ya kurasa, daftari lilale bapa kati ya makadibodi mawili, na kwenye basi ulipakate mwenyewe.