Nimepanga chumba kimoja Makorora, sehemu ya kutambikia niweke wapi?

mbondei_wa_mjini: Wakuu habari za jioni. Mimi Mbondei, kwetu Muheza ila napanga hapa Tanga mjini, chumba kimoja, choo cha pamoja. Dini yangu ni ya mababu na sifichi. Kijijini tunatambikia chini ya mti nyuma ya makaburi na kila mtu anajua, lakini siwezi kupanda gari kila nikitaka kusema na wazee waliotangulia. Chumba kina kitanda, kabati, mtungi wa gesi, ndoo za maji, nafasi imeisha. Chetezo na ubani ninavyo. Naomba mnisaidie niweke wapi, niweke nini, na mwenye nyumba akiona je?

mama_pongwe: Mwanangu umenifurahisha, vijana wengi wanaona haya. Kwanza piga simu nyumbani. Tambiko la ukoo lina mwenyewe, usianzishe lako huko mjini mkubwa wa ukoo hajakuombea kwa wazee. Akiridhia, nafasi huhitaji kubwa. Bibi yangu alikuwa na sinia tu, kipande cha kaniki (nguo nyeusi) na cha bafta (nyeupe), kibakuli cha maji, kisahani cha unga, basi. Juu ya kabati panatosha ila pawe pao peke yao, sio unatupia chaja na soksi hapohapo. Unga weka kidogo wakati unasema nao, ukimaliza kaumwage kwenye shina la mti, ukilala humo mende wakaingia umewavunjia heshima. Na maji usiyaache yakachacha.

fundi_gesi_tanga: Mi naongelea chetezo tu maana hapo mtu anakufa kweli. MAKAA USIWASHE UMEFUNGA MLANGO NA DIRISHA. Ile hewa ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na makaa hata yakiwa mekundu hayana moshi bado yanaitoa, we unasikia ubani tu unanukia vizuri kumbe unapotea, mtu analala haamki. Na mtungi wa gesi uko humohumo! Fungua dirisha, pazia lisogeze mbali, tia mchanga chini ya chetezo, ubani punje mbili tatu, ukimaliza toa makaa nje uyamwagie maji. Usilale nayo hata kama yamefunikwa majivu. Mimi ningekushauri udi wa vijiti kwenye kopo la mchanga, yaishe.

wa_bagamoyo: Kuhusu mwenye nyumba, Ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa dini, hilo lijue. Ila mkataba wako wa chumba ni wa mdomo na maneno ya majirani yanakimbia kuliko Katiba, watu wanachanganya tambiko na uchawi. Harufu ya ubani haitamshtua mtu, pwani yote hii nyumba zinafukizwa. Kinacholeta balaa ni udongo wa makaburini, kuku anayechinjwa usiku, hivyo fanyia kijijini mbele ya wazee. Na mapango ya Amboni si mnayo hapo kilomita 8 tu, watu wanaacha marashi na sarafu kwenye mzimu pangoni na watalii wanapita, hakuna anayeficha. Kama hutaki macho ya wageni, fanya kama Wahindi wa hapo mjini kwenu, kabati dogo la ukutani lenye milango, ukimaliza unafunga.

mbondei_wa_mjini: Asanteni sana jamani, hilo la kabati la milango nimelipenda, kesho naenda kwa seremala. Mjomba nimempigia, amekubali, anataka niende kwanza mwisho wa mwezi. Mama, nikisema nao nielekee wapi?

mama_pongwe: Sisi tulifundishwa kuelekea kwetu. Muheza kutoka hapo ni magharibi, kwa hiyo kabati mwambie seremala alipige ukuta wa upande jua linapozama, kama mlango hauko huko. Na mjomba mpelekee kaniki mpya usiende mikono mitupu.