Natafuta mwalimu wa jometri anayejua kufundisha uthibitisho

Mzazi wa Kihonda, Morogoro

Habari za leo ndugu zangu wazazi na walimu. Binti yangu yuko kidato cha tatu katika shule ya kutwa hapa Morogoro, na kwa ujumla Hisabati haimshindi. Akipewa milinganyo anaitatua, na akipewa mchoro wenye pembe isiyojulikana anaitafuta na mara nyingi anaipata. Tatizo linaanza pale swali linapomtaka athibitishe jambo. Hivi karibuni aliambiwa aonyeshe kwamba tanjenti mbili (mistari inayogusa duara mahali pamoja tu) zinazotoka kwenye nukta moja nje ya duara zina urefu sawa. Alichora vizuri kwa bikari, akachukua rula, akapima, kisha akaandika kwamba zinalingana kwa kuwa kila moja ina sentimita 6. Hakupata alama yoyote, akarudi nyumbani akiamini ameonewa, kwa sababu vipimo vyake vilikuwa sahihi.

Nilimpeleka kwenye kituo cha tuisheni kilicho jirani. Pale uthibitisho unaandikwa ubaoni, wanafunzi wananakili, na siku inayofuata wanaulizwa uleule. Ameshakariri kadhaa, lakini herufi za mchoro zikibadilishwa kutoka ABC kuwa PQR, au mchoro ukigeuzwa tu juu chini, anakwama. Sasa natafuta mwalimu wa kumfundisha peke yake, nyumbani au hata kwa simu. Ninachoomba ni ushauri wa namna ya kumtambua mwalimu anayeiweza hasa kazi hii, kwa kuwa kila ninayemuuliza hunijibu kwamba anafundisha Hisabati yote. Je, ni lazima awe mwalimu mwenye cheti, au mwanafunzi wa chuo anatosha? Na nimuulize nini kabla hatujaelewana malipo?

Mwalimu mstaafu, Iringa

Ndugu mzazi, nimefurahi kusoma swali lako kwa sababu umelieleza tatizo mahali lilipo. Binti yako hakuonewa, lakini nadhani hakuna aliyemweleza ni kwa nini jibu lake halikukubaliwa. Rula inalizungumzia duara moja tu, lile lililo kwenye daftari lake, ilhali swali linazungumzia kila duara na kila nukta iliyo nje yake. Mtoto asipoonyeshwa tofauti hiyo, ataendelea kuuona uthibitisho kuwa ni maneno mengi ya kueleza jambo ambalo macho yameshaliona.

Mwalimu unayemtafuta ni yule ambaye angeanza na jibu hilohilo la sentimita 6, wala asingelifuta. Angemwambia achore duara jingine dogo zaidi, aiweke nukta mbali zaidi, apime tena. Atapata namba nyingine, lakini tanjenti zitalingana tena. Kisha angemuuliza ni kitu gani katika michoro yote miwili hakikubadilika, akamwacha atafute. Akitazama kwa utulivu, ataona kwamba mistari miwili kutoka kitovuni kwenda mahali tanjenti zinapogusa duara ni nusu kipenyo, kwa hiyo ni sawa. Kwamba kila tanjenti hukutana na nusu kipenyo yake kwa pembe mraba. Na kwamba mstari unaounganisha kitovu na ile nukta ya nje ni upande wa pembetatu zote mbili. Basi pembetatu hizo zina pembe mraba, zina upande mrefu wa pamoja, na zina upande mwingine ulio sawa, kwa hiyo zinalingana kwa umbo na kwa ukubwa, na pande zilizobaki, yaani tanjenti zenyewe, haziwezi kutofautiana. Uthibitisho huo hauzidi mistari michache na hauna kipimo hata kimoja ndani yake. Mtoto akishaufikia kwa njia hiyo, ukibadilisha herufi haumsumbui, kwa sababu hakuzikariri herufi.

Kuhusu kumpima mwalimu kabla ya kuelewana naye, mimi ningemwomba anieleze jambo moja tu: kwamba pembe iliyo kwenye kitovu cha duara ni mara mbili ya pembe iliyo kwenye mzingo, zote mbili zikisimama juu ya tao moja, yaani kipande kimoja cha mzingo. Ni nadharia ya kawaida ya kidato cha tatu na kila mwalimu wa Hisabati ameifundisha. Ataita tao AB, kitovu O, na nukta ya mzingoni P, kisha atachora mstari kutoka P kupitia O hadi upande wa pili. Kila upande wa mstari huo kuna pembetatu pacha, kwa kuwa pande zake mbili ni nusu kipenyo. Pembe zake mbili za chini ni sawa, na pembe ya nje iliyo kitovuni ni jumla yake, yaani mara mbili ya moja. Ukijumlisha pande zote mbili, kazi imekwisha.

Lakini haijaisha, na hapa ndipo pa kumsikiliza. Mchoro ulio katika madaftari mengi unakiweka kitovu ndani ya pembe APB. Ukiisogeza P juu ya mzingo kuelekea A, inafika mahali ambapo mkono mmoja wa pembe unapita katikati ya kitovu, na hapo inabaki pembetatu pacha moja tu. Ukiisogeza zaidi, kitovu kinatoka nje ya pembe kabisa, na zile pembe mbili hazijumlishwi tena bali moja inatolewa katika nyingine. Nadharia bado ni kweli, ila maelezo ya kwanza hayaifikishi huko. Muulize kwa heshima: «Mwalimu, na kitovu kikiwa nje ya pembe?» Yule atakayechukua karatasi na kuanza kuchora ndiye unayemtaka, hata kama atasitasita kidogo, maana mtoto atajifunza zaidi kwa kumwona mtu mzima akifikiri mbele yake kuliko kwa kuona jibu lililokwisha kupikwa. Yule atakayekujibu kwamba hali hiyo haiulizwi kwenye mtihani anaweza kuwa mwalimu mzuri wa takwimu au wa hesabu za biashara, lakini binti yako hana shida huko.

Baada ya hapo, tazama penseli iko mkononi mwa nani wakati wa somo. Ikiwa saa nzima ameishika mwalimu, umelipia kituo kilekile, isipokuwa sasa kipo sebuleni kwako.

Mwalimu wa tuisheni, Dar es Salaam

Shikamoo mwalimu wangu wa Iringa. Nakubaliana nawe kuhusu namna ya kufundisha, lakini naomba niongeze neno kwa ajili ya mzazi. Mtihani wa kidato cha nne ni karatasi ya saa 3 inayogusa mada za miaka yote 4, na maswali yanayodai uthibitisho kamili ni sehemu ndogo ya karatasi hiyo. Wanafunzi wanaokuja kwangu wengi wamechelewa, na wazazi wao wanataka matokeo. Nikitumia vipindi viwili kwa nadharia moja ya duara, nitakuwa nimeacha logarithimu, trigonometria na mengine mengi yenye alama nyingi. Kwa hiyo mzazi, kabla hujamlipa mtu wa kufundisha uthibitisho peke yake, hakikisha kwamba mtoto hana mapengo makubwa mahali pengine. Kama kweli milinganyo na pembe haimshindi kama ulivyosema, basi endelea. Kama kuna pengo, lizibeni kwanza.

Mwalimu mstaafu, Iringa

Marahaba mwalimu. Angalizo lako ni la haki, hasa kwa mwanafunzi aliyebakiza muda mfupi. Huyu yuko kidato cha tatu na bado ana nafasi. Hata hivyo sikubali kwamba uthibitisho ni mada inayosimama kando na nyingine, kwa maana makosa mengi ya kukokotoa pembe yanatokana na kutumia kanuni mahali isipofanya kazi. Chukua mwanafunzi anayeona pembetatu mbili zenye pande mbili sawa na pembe moja sawa, akaandika mara moja kwamba zinalingana. Pembe hiyo ikiwa kati ya pande hizo mbili, amepatia. Isipokuwa kati yake, anaweza kuwa amepotea kabisa: mwambie achore pembe ya nyuzi 30, kwenye mkono mmoja apime sentimita 8, na kutoka kwenye ncha hiyo azungushe bikari ya sentimita 5. Bikari itaukata mkono wa pili mara mbili, na atapata pembetatu mbili tofauti zenye vipimo vilevile alivyopewa. Zoezi hilo linachukua dakika chache, na mtoto aliyelifanya kwa mkono wake hatakuwa mwepesi tena wa kuandika «zinalingana» bila kutazama pembe iko wapi. Baadaye akikutana na kanuni ya sine, atajua pia kwa nini wakati mwingine kuna majibu mawili.

Mwanafunzi wa ualimu, Chang'ombe

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ninasomea ualimu wa Hisabati, na ningependa kujibu lile swali la mzazi kuhusu wanafunzi wa chuo. Tunaweza kufaa, kwa masharti. Mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu anayesoma ualimu wa Hisabati amekutana na uthibitisho mwingi chuoni, na ule anaousoma haumruhusu kuegemea mchoro. Upungufu wetu ni kwamba wengi hatujawahi kukaa na mtoto mmoja aliyekwama na kumsubiri. Hivyo ningekushauri, mzazi, umtafute aliyekwisha kwenda kufundisha kwa vitendo shuleni. Kwa hapo Morogoro mnacho Chuo Kikuu cha Sokoine ambacho, pamoja na kilimo, kinaandaa walimu wa sayansi na Hisabati; ulizia idarani au kwa mwalimu wa Hisabati wa shule ya jirani, kwa kuwa wao huwajua waliofanya mazoezi vizuri.

Kuna jambo ambalo halijaguswa, nalo ni lugha. Watoto wetu wengi wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha wakaingia sekondari wakakuta kila kitu kwa Kiingereza. Katika kukokotoa, namba zinawabeba. Katika uthibitisho hakuna namba za kuwabeba, kila mstari unadai sentensi na sababu yake. Niliyemfundisha wakati wa mazoezi aliweza kunieleza kwa Kiswahili kwa nini pembetatu mbili zinalingana, tena kwa ufasaha, lakini karatasi yake ilikuwa tupu. Tulikubaliana kwamba kwanza aseme hoja yote kwa mdomo, kwa Kiswahili, huku akigusa mchoro. Kisha aiandike kwa Kiingereza chini ya vichwa vilevile wanavyovitumia shuleni, yaani yaliyotolewa, yanayotakiwa, mistari iliyoongezwa, na uthibitisho wenyewe. Sentensi za sababu zinazohitajika kwa kidato cha tatu si nyingi, na zinajirudia. Muulize mwalimu unayemtafuta kama atamruhusu mtoto afikiri kwa Kiswahili kwanza. Akikataa kwa sababu mtihani ni wa Kiingereza, ningesita.

Kuhusu kusoma kwa simu, inawezekana. Mtoto anapiga picha ukurasa wa daftari na kuutuma kwa WhatsApp, mwalimu anazungushia mstari usio na sababu na kumpigia. Programu ya GeoGebra, ambayo haina malipo, inamwezesha kuvuta ile nukta P kwa kidole na kuona kitovu kikitoka nje ya pembe. Inasaidia sana kuona, ila mwalimu awe macho, kwa sababu programu nayo inapima kama rula, na mtoto anaweza kurudi kulekule kwenye sentimita 6.

Mzazi wa Kihonda, Morogoro

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimemsomea binti maelezo ya mwalimu wa Iringa kuhusu tanjenti, akayafuata mwenyewe kwa kuchora, na kwa mara ya kwanza amekubali kwamba rula haikutosha. Nitaulizia chuoni kama nilivyoelekezwa. Limebaki jambo moja linalonitia wasiwasi: mimi mwenyewe niliishia darasa la saba. Nitajuaje kwamba mwalimu anafanya kazi inayotakiwa, ikiwa siwezi kuusoma uthibitisho wenyewe?

Mzazi, Mwanza

Dada yangu, mimi pia sikufika mbali kwa Hisabati, na kijana wangu alifundishwa nyumbani kwa jambo hilihili. Huhitaji kuijua jometri. Baada ya somo mwite binti akae nawe, akufafanulie uthibitisho mmoja, wewe ukiweka kidole kwenye mstari mmoja baada ya mwingine na kumuuliza, «Hili umelijuaje?» Anayeelewa atakujibu kwamba limetolewa kwenye swali, au limetokana na mstari ule wa juu, au ni nadharia fulani. Asiyeelewa atakuambia kwamba mwalimu ndivyo alivyoandika. Jibu hilo likijirudia somo baada ya somo, zungumza na mwalimu.

Litazame pia daftari. Liwe na majaribio ya mtoto kwa mwandiko wake, yakiwa na mistari iliyokatwa na maswali ya mwalimu pembeni. Daftari safi lisilo na mkato wowote lilinitia shaka, na kwa kweli mwalimu yule wa kwanza tuliachana naye kwa sababu hiyo. Katika malipo, elewaneni kwa kila kipindi katika mwezi wa kwanza, si kwa muhula mzima, na umwambie wazi tangu mwanzo kwamba unamtaka kwa ajili ya uthibitisho, ili aje amejiandaa kwa hilo.