Tupeane uzoefu: tangazo lako la kwanza la kuchapishwa lilikufunza nini?

Binti wa Rangi Tatu

Habari za jioni wakuu, na shikamooni wakubwa zangu mliomo humu.

Nipo mwaka wa pili, nasomea habari na mawasiliano ya umma hapa Dar. Muhula huu tulipewa kazi ya kutengeneza tangazo moja la kuchapishwa, ukurasa wa A4, la biashara iliyopo kweli, halafu kila mtu aandike kurasa nne za kueleza kwa nini alifanya alivyofanya. Tangazo nimeshalikabidhi. Kurasa nne ndizo zinanikesha, maana kila nikiandika nagundua nilichokuwa nakitetea sicho kilicholifanya tangazo likubalike. Nimeona nieleze hapa, na nyie mlionitangulia mnipe ya kwenu.

Nilichukua mafuta ya nazi ya mama mdogo. Anayatengeneza nyumbani, Mbagala, nazi anazipata kwa watu wanaozileta kutoka Mkuranga. Anakuna, anakamua tui, analiacha lilale usiku kucha, alfajiri anaengua lile zito la juu na kulichemsha kwa moto mdogo mpaka mafuta yajitenge. Wateja wake ni majirani na saluni mbili.

Toleo la kwanza lilinichukua siku tatu kwenye kompyuta. Minazi, bahari, mwanamke mwenye nywele ndefu niliyemtoa mtandaoni, aina nne za herufi, na kichwa hiki: "Mafuta bora ya asili kwa ngozi na nywele zako, ubora usio na kifani." Nililipenda sana. Mwalimu akalishika, akafunika jina la mafuta kwa kidole gumba, akaniuliza, "Hili ni tangazo la nani?" Nikatazama. Lingeweza kuwa la sabuni, la losheni, hata la hoteli ya Kigamboni. Nilikaa kimya.

Wikiendi ile nikaenda kwa mama mdogo bila kompyuta. Nikawa namsaidia kukuna, naye anaongea. Katikati ya maongezi akasema, "Mwezi wa saba ndio unaniumiza. Watu wananirudishia chupa, wanaona yameganda, wanadhani nimewachanganyia." Nikaacha kukuna. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzijoto 24 hivi. Dar kuna joto karibu mwaka mzima, kwa hiyo watu wengi wanayajua yakiwa maji tu. Kipupwe kikiingia, usiku unapoa, asubuhi chupa imekuwa nyeupe kama mshumaa, na mtu anaona ameibiwa. Siku tatu nzima nilikuwa natafuta cha kusema kuhusu mafuta haya, kumbe mama mdogo anakisema kila mwaka mlangoni kwake, tena kwa kujitetea.

Nikarudi na kichwa kipya: "Yakiganda, ndiyo halisi." Mwalimu akauliza swali moja tu: "Ni kweli?" Nikaenda kusoma. Mawese nayo huganda. Mafuta ya nazi yaliyosafishwa kiwandani nayo huganda. Kuganda peke yake hakuthibitishi kwamba hayajachanganywa na kitu. Nikakifuta, na kiliniuma, kwa sababu kilikuwa kizuri masikioni. Hapa ndipo nilipoielewa kazi hii kuliko mahali pengine popote. Yule anayerudisha chupa mwezi wa saba ameshahisi kadanganywa, nami nilikuwa nataka kumtuliza kwa uongo mwingine.

Kilichobaki nilikipata kwa macho. Mama mdogo alichota bonge la mafuta yaliyoganda, akaliweka kiganjani, likawa maji mbele yangu hata hatujamaliza sentensi. Nikaandika: "Kipupwe yanaganda, kiganjani yanayeyuka." Nikamsomea. Akasema, "Hilo linakaa kwenye kanga."

Darasani tumesoma tangazo la Volkswagen la mwaka 1959, lile lililotengenezwa New York, kigari kidogo kwenye ukurasa karibu wote mtupu. Nililikariri kwa ajili ya mtihani, lakini kanga ndiyo iliyonieleza. Kanga ina pindo linalozunguka, mji katikati, na jina. Jina ni mstari mmoja, na msomaji wake anasoma huku aliyeivaa anatembea. Akishapita, basi. Nikatoa minazi, nikatoa bahari, nikabakiza herufi za aina moja. Picha ikawa kiganja cha mama mdogo na bonge la mafuta linaloanza kuyeyuka pembeni.

Halafu ikaja karatasi. Picha niliipiga juu ya shuka jeupe, na kwenye kioo cha kompyuta ilipendeza sana. Nilipochapisha Kariakoo, mafuta hayakuonekana. Fundi akanieleza kwamba mashine yake ina wino wa samawati, wa zambarau nyekundu, wa njano na mweusi, basi. Weupe ni karatasi yenyewe. Mahali penye weupe mashine haiweki kitu, kwa hiyo mafuta meupe juu ya shuka jeupe ni karatasi juu ya karatasi. Nikapiga upya juu ya kaniki. Bluu ya kaniki nayo ikatoka kama zambarau, fundi akapunguza ule wino wa zambarau nyekundu, tukachapa tena. Nakala tatu za majaribio, nauli mara tatu, na pesa yangu ya chakula ya wiki. Sijutii hata shilingi, kwa sababu kwenye kompyuta nisingeliona hata kosa moja kati ya hayo.

Sasa na nyie semeni.

Mzee wa Pleti

Marahaba mwanangu. Nimefurahi kusoma.

Mimi nilianza kazi kwenye gazeti miaka ya tisini, enzi za kukata maandishi na kuyabandika kwa nta kwenye ubao, ndipo yapigwe picha, itoke filamu, filamu izae pleti, lile bati la kuchapia. Hilo gazeti silitaji.

Tangazo langu la kwanza la rangi lilikuwa la shule ya bweni. Mwenye shule alitaka maelezo mengi: ada, masomo, michezo, basi la wanafunzi, vyote. Nikayapanga kwa herufi nyembamba nyeupe juu ya kijani kilichokoza. Kwenye meza lilikuwa safi kabisa. Kesho yake mwenye shule akaja na gazeti mkononi, namba za simu hazisomeki.

Kilichotokea ni hiki. Kijani kile kilitokana na wino zaidi ya mmoja, na kila wino una pleti yake. Mashine ya gazeti inakwenda kasi, pleti moja ikisogea kwa upana wa unywele, wino wa rangi moja unaingia ndani ya herufi nyeupe ya jirani. Karatasi ya gazeti nayo inakunywa wino. Nukta inatua ndogo, inatanuka. Herufi nyembamba inajaa na kuzibwa. Karatasi ya jarida inayong'aa ingenivumilia, ya gazeti haikunivumilia. Tulimchapia tena tangazo bure, na mimi nikaitwa ofisini kwa mkubwa.

Tangu hapo, kama ni gazeti, maandishi meupe kwangu lazima yawe manene, bila vile vikia vya herufi, na yakae juu ya wino mmoja ikiwezekana. Sasa nakuuliza: anwani na simu ya mama yako mdogo umeziweka wapi? Kama ziko juu ya hiyo kaniki kwa herufi ndogo nyeupe, kazitazame tena leo leo.

Kijana wa Keko

Yangu fupi. Vipeperushi 2,000 vya A5 vya fundi wa majokofu. Namba ya simu nikaandika tarakimu tisa badala ya kumi. Nilisoma mara nyingi, fundi naye akasoma, hakuna aliyeona, kwa sababu wote tulikuwa tunaijua namba kichwani. Usiku mbili mimi na mdogo wangu tunaongeza tarakimu kwa kalamu, kipeperushi kimoja kimoja.

Siku hizi sisomi namba. Nachukua simu nyingine, naipiga vile ilivyoandikwa kwenye nakala ya majaribio, nasubiri iite.

Muuza Magazeti

Mimi sijawahi kutengeneza tangazo, ila nimekaa mbele ya matangazo miaka kumi na moja, kwenye meza ya magazeti kituoni. Naomba niseme nionacho.

Wanaosimama ni wengi kuliko wanaonunua, mara nyingi sana. Mtu anakuja anasubiri daladala, mikono nyuma, anasoma kurasa za mbele zote nilizotandaza, anaondoka. Mimi simfukuzi, ndio mji wetu. Sasa huyo mtu hafungui ndani. Tangazo la ukurasa wa tisa kwake halipo. Anachokiona ni kile kimkanda cha chini cha ukurasa wa mbele, na anakisoma akiwa amesimama, macho yapo juu ya gazeti kwa mita moja na zaidi. Nimeona vimkanda vina maneno arobaini. Hakuna anayeinama. Kikiwa na maneno matano na picha moja, watu wanakitaja wenyewe wakiongea.

Na wale wanaonunua, wengi gazeti likishasomwa halitupwi. Linafungia maandazi, linatandikwa kabatini. Tangazo linaendelea kusomwa na mtu ambaye hakulinunua, wiki tatu baadaye. Kwa hiyo ukiandika "ofa mwisho Ijumaa" bila tarehe, huyo wa maandazi anafunga safari bure. Nimemuona mmoja alienda mpaka dukani, akarudi kunilaumu mimi niliyemuuzia gazeti.

Dada, hayo maneno yako ya kiganjani ningeyasoma nikiwa nimesimama.

Mama Saluni

Nitasema jambo ambalo bado linanisumbua, na nalisema kwa sababu nimeona yule mwanamke wa mtandaoni kwenye toleo la kwanza la mdogo wetu.

Nilipofungua saluni Sinza, kijana mmoja alinitengenezea kipeperushi. Nikamtumia kwa WhatsApp picha ya binti aliyesukwa vizuri, niliyoiona kwenye mtandao wa kijamii. Kwanza ilitoka na ukungu. Kijana akanieleza kuwa picha ile ilikuwa na upana wa pikseli 1,200, na uchapaji mzuri unataka pikseli 300 kwa kila inchi, kwa hiyo ilitosha sentimita kumi tu, na mimi niliivuta ijaze ukurasa. Nikasema iende hivyo hivyo.

Mwezi haujaisha, akaingia dada mmoja na kipeperushi changu mkononi. Ni yeye. Anakaa mitaa miwili kutoka kwangu. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba nywele zile alisukwa na mama yake, kabla mama yake hajafariki, na mimi nimeandika chini yake "Kazi yetu." Wakuu, nilitamani ardhi inimeze. Nilimwomba msamaha, nikakusanya vyote nilivyoweza, nikachoma.

Baadaye nilijua kuwa picha ni mali ya aliyeipiga, sheria ya hakimiliki tuliyonayo ni ya 1999 na COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, ndio wasimamizi. Lakini hata bila sheria, lile neno "Kazi yetu" lilikuwa uongo. Sasa napiga picha wateja wangu wenyewe, kila mmoja namuuliza kwanza, na anayekataa simpigi, anaenda na nywele zake salama.

Mchora Kuta

Naunga mkono muuza magazeti. Mimi kazi yangu ni rangi na brashi, kuta za Temeke na Tandika. Ukuta wa kwanza nilimwandikia mwenye duka la vifaa vya ujenzi orodha yote: misumari, nondo, mabati, saruji, rangi. Nikaenda kupanda daladala makusudi nipite nayo. Nilisoma "misumari" na tukawa tumeshapita. Nikarudi nikapaka chokaa ukuta mzima, nikaandika SARUJI na mshale. Wanaotaka misumari wanajua penye saruji ipo.

Binti wa Rangi Tatu

Asanteni sana. Mama Saluni, nimesoma yako mara tatu. Yule mwanamke niliyemtoa mtandaoni sikuwahi hata kujiuliza ni nani. Nimeongeza aya nzima kuhusu yeye kwenye zile kurasa nne, na nimemwambia mwalimu nimeitoa wapi.

Mzee wa Pleti, ulijuaje? Simu na mahali zilikuwa juu ya kaniki, nyeupe, herufi za pointi 7. Kwenye nakala niliyokabidhi zinasomeka kwa sababu ni karatasi ya kung'aa. Leo nimelichapa tangazo kwenye karatasi ya kawaida ya ofisini nione, na tarakimu za 8 zilizibwa, zikawa kama madoa. Nimezihamishia chini kwenye kimkanda cheupe, kwa wino mweusi, pointi 14. Kijana wa Keko, namba nimeipiga kwa simu ya jirani. Mama mdogo kapokea, kauliza nani mwenzangu.

Alama sijui nitapata ngapi, maana niliyokabidhi ni ile yenye simu juu ya kaniki. Hii mpya nimeibandika leo saa kumi kwenye mlango wa saluni moja anayoiuzia. Mwenye saluni kasimama, kasoma, kisha kanyoosha mkono kwenye rafu akachukua chupa yake ya mafuta, akaigeuza kwenye mwanga kuangalia kama imeanza kuwa nyeupe.